Bado

Programu inaniuliza jina la kazi mpya.
Kishale kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyekuja kudai, akakaribishwa kiti,
akakataa kukaa.

Zimo humu ndani: Taa. Taa ya Pili.
Taa Mwisho. Taa Mwisho Kweli.
Hiyo Mwisho Kweli iko mezani, imefungwa kipande cha kanga.
Nabigambo aliirudisha Jumanne kutoka Mwaloni
bila salamu, na yeye ni mtu wa salamu ndefu,
huulizia hadi mbuzi.
"Imezimika saa nane usiku," akasema.
"Vijana wangu wako kule nyuma ya Kome,
dagaa wameitika, wamejaa chini ya mwanga,
halafu giza. Dagaa wana akili, fundi.
Hawakutusubiri tutafute kiberiti."

Niliifungua. Njia moja ya shaba, nyembamba kama uzi,
niliichora siku nina haraka,
imeungua, imeacha mstari mweusi
kama wanja uliochuruzika.
Nusu milimita.
Dagaa wa usiku mzima walitakiwa kupita hapo.

Basi mdai namwacha mlangoni, naingia kazini.
Uwanja mweusi, mtupu,
vitone vya gridi vimejipanga hadi pembeni,
na visubi wa ziwani wamepita dirisha la jikoni
kuufuata mwanga wa kompyuta.
Mmoja nimembofya mara mbili
nikidhani ni tundu la skrubu.

Naanza na mpaka. Sikuuchagua mimi:
taa zetu hukaa ndani ya kidumu cha mafuta ya kupikia,
kile cha njano, cha lita tano,
na chochote kiingiacho lazima kipite mdomoni.
Nimepima kwa rula ya Shija, ya shule,
sentimita ya kwanza imetafunwa, kwa hiyo naanzia moja.
Milimita thelathini na mbili. Toa mbili za kupumulia.
Bodi yangu itakuwa nyembamba, ndefu,
kama ulimi.

Tabaka ngapi?
Mbili. Nne ni za wenye nazo.
Juu njia, chini ethi,
na hapo mkono unasita juu ya kipanya,
kwa sababu ethi, hapa Mabatini, ni kisa.
Nyumba yetu imekaa juu ya jiwe, na jiwe juu ya jiwe.
Fundi umeme alikuja na nondo yake ya shaba,
akaigonga tangu asubuhi, ikapinda mara tatu,
mwishowe akateremka nayo bondeni
akaizika katika matembele ya Mama Kulwa,
waya ukapanda mwamba kuturudia.
Hadi leo, birika likitupiga shoti kidogo,
tunasema matembele yamekauka,
na mmoja wetu anateremka na ndoo.

Humu ndani ardhi ni bure.
Nabofya, shaba inajaa chini nzima,
inazunguka matundu, inaingia kila kipembe,
kama ziwa lilivyoingia Kirumba mwaka ule
bila kupiga hodi.

Sijaweka hata resista moja.
Njia ya betri nimeipa upana kwanza:
milimita tatu. Nikaitazama. Nne.
Inachekesha, barabara ya malori
kati ya vichochoro.
Acha ichekeshe.

Mdai yuko palepale, anapepesa.
Nabigambo alisema, akiwa keshageuka kuondoka,
sitaki taa nzuri, nataka isiyozimika.
Nikaandika: Haizimiki.
Nikafuta. Jina kama hilo
ni kutafuta maneno na ziwa.
Nikaandika: Bado.
Nikahifadhi.

Mbali, dirishani, taa za mafundi wengine ziko majini.
Nazihesabu: tisa, kumi, kumi na nne.
Moja imepepesa. Nasimama.
Hapana,
ni kisubi kwenye kioo.